Tundu la Redio: Historia Fupi ya Sauti Ndani ya Magari Makuukuu ya Unguja

Mtumishi wa serikali anayeishi Jang'ombe akijipinda akanunua Toyota Vitz ya mwaka 2001, au mwenye daladala ya njia namba 505 iendayo Uwanja wa Ndege akiamua kuifufua gari yake, haupiti muda mrefu kabla hajasimama mbele ya fundi umeme na kuulizwa: tukutilie redio gani? Wengi hulijibu swali hili kwa kutazama bei na wingi wa taa zinazowaka usoni mwa mashine. Makala haya yanataka kulipa uzito zaidi. Ninadai kwamba lile tundu la mstatili katikati ya dashibodi ni miongoni mwa sehemu chache ambamo Mzanzibari wa kawaida amewahi kuamua mwenyewe sauti ipi imfikie. Uamuzi huo umebanwa na kulegezwa, zama baada ya zama, na watu wasiopanda gari ile: mkoloni, dola, mtengenezaji wa mbali na mgawaji wa masafa. Anayeijua historia hiyo atachagua redio kwa jicho jingine, na huenda akadai mambo mengine kwa wanaomtawala.

Sauti ilipokuwa mali ya mkahawa

Jang'ombe ni sehemu ya Ng'ambo, yaani ng'ambo ya kijito cha bahari kilichoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya wachukuzi, mafundi, wavuvi na watumwa wa jana waliokuwa wakijijengea uraia wao. Serikali ya kikoloni iliuchukulia mpaka ule kama mpaka wa hadhi: upande mmoja mawe, upande wa pili udongo na makuti. Sauti, hata hivyo, haikuutii mpaka huo. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyefanya maisha yake Ng'ambo, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa kampuni iliyouza santuri zake chini ya nembo ya His Master's Voice. Mwaka huo huo wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Watu waliokuwa wakibishana na wenye ardhi mchana ndio waliokuwa wakisikiliza jioni, mikahawani na mabarazani, sauti ya mwanamke wa tabaka lao ikitoka ndani ya mashine.

Tayari mambo mawili yalikuwa yamejitokeza, nayo yatatufuata mpaka ndani ya daladala. La kwanza, mashine moja ilihudumia masikio mengi, kwa kuwa wachache tu ndio waliomudu gramafoni. La pili, aliyemiliki mashine ndiye aliyechagua santuri, na wengine walisikiliza alichopenda au walinyanyuka wakaondoka. Huyu wa mkahawani alikuwa na uhuru wa kunyanyuka. Abiria wa daladala, kama tutakavyoona, hana.

Raha Leo na masafa yasiyo na forodha

Mwaka 1951 utangazaji wa redio ulianza Unguja chini ya serikali ya Kiingereza, ukajulikana kwa jina la Sauti ya Unguja. Studio zake zilikuwa Raha Leo, ndani ya Ng'ambo yenyewe. Nia ya mkoloni ilikuwa kuwapa raia habari zilizochujwa pamoja na burudani ya kutosha ili wasitafute nyingine. Lakini Julai 1954 Cairo nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na miongoni mwa watangazaji wake alikuwapo Ahmed Rashad Ali, mtu aliyejulikana vizuri Unguja. Matangazo yale yalikuja kwa masafa mafupi, yaani mawimbi yanayogonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini maelfu ya maili mbali. Ofisa wa forodha angeweza kuzuia gazeti bandarini. Wimbi la redio halina bandari. Aliyekuwa na chombo chenye masafa mafupi alimsikia Nasser akisifiwa na ukoloni ukitukanwa, na aliyekuwa na chombo cha masafa ya kati pekee alisikia kile ambacho serikali ya hapa iliona kinamfaa.

Naomba msomaji alishike hilo. Siasa ya usikivu haikuanzia katika maneno ya mtangazaji. Ilianzia katika uwezo wa chombo kupokea au kutopokea. Asubuhi ya tarehe 12 Januari 1964, baada ya ghala la silaha la polisi Ziwani kutekwa, kituo cha Raha Leo nacho kilikuwa mikononi mwa wanamapinduzi, na sauti ya John Okello ikawafikia watu majumbani. Tangu siku ile kila serikali ya Zanzibar imeelewa kwamba redio ni ngome, nayo imeilinda hivyo.

Kwa nini magari ya zamani yalikuwa bubu

Je, magari ya wakati ule yalikuwa na redio? Machache sana, na sababu zake zinamhusu bado kila anayemiliki gari ya miaka hiyo. Miongoni mwa redio za magari za mwanzo ni zile zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1930 na ndugu wawili wa ukoo wa Galvin, waanzilishi wa Motorola. Zilitumia valvu za kioo zilizohitaji umeme wa volti nyingi, ilhali betri ya gari ilitoa volti 6 au 12 tu. Ikabidi umeme upandishwe kwa kifaa kinachotetemeka ndani ya redio, na betri ilikamuliwa kiasi kwamba kusikiliza gari ikiwa imezimwa kulikuwa kujitafutia kazi ya kusukuma.

Transista ilipochukua nafasi ya valvu, redio ilipungua ukubwa na ulafi wa umeme. Hata hivyo magari ya Kiingereza yaliyotufikia, kama Morris Minor na Land Rover zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi, yalikuwa na jambo linalowashangaza mafundi vijana hadi leo: ncha chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Karibu kila redio inayouzwa leo inatarajia ncha hasi iwe kwenye bodi. Ukiifunga redio mpya katika Land Rover ya namna hiyo bila kuugeuza mfumo wa gari, fyuzi itakatika ukibahatika; usipobahatika, itaungua redio au waya. Vilevile magari hayo yalichaji betri kwa dainamo iliyotoa takriban ampea 20 tu injini ikiwa imechangamka. Taa kubwa zikiwaka na gari ikijongea taratibu kwenye foleni ya Darajani, umeme wa kulisha amplifaya haupo. Kwa gari ya rika hilo, kwa hiyo, redio ndogo isiyo na amplifaya ya pembeni ndiyo inayofaa, na swali la kwanza kwa fundi liwe upande upi wa betri umefungwa kwenye bodi. Rangi za taa zitafuata baadaye.

Upungufu, Dubai na kaseti

Baada ya Mapinduzi biashara ya nje iliwekwa mikononi mwa mashirika ya serikali, na fedha za kigeni zilizotokana na karafuu hazikutumika kununulia vifaa vya starehe vya mtu binafsi. Wanaoyakumbuka maisha ya Unguja ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na ya miaka ya 1970 hukumbuka foleni za vyakula kabla ya jambo jingine lolote. Katika hali hiyo redio ya gari haikuwa bidhaa ya kuchagua dukani. Ilikuwa kitu cha kuhamishwa kutoka gari iliyokufa kwenda gari iliyo hai. Ustadi wa mafundi wetu ulizaliwa humo: kuchomea waya upya, kukata karatasi mpya ya spika iliyoliwa na unyevu, kulisha redio ya mezani kwa betri ya gari. Umasikini wa vitu uliwafundisha watu kuelewa vitu kwa ndani.

Mwaka 1984 ulileta mabadiliko. Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa Zanzibar mwezi Januari, na bajeti ya Muungano ya mwezi Juni iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi. Wazanzibari waliokuwa na jamaa Uarabuni walijua tayari njia ya kwenda Dubai. Vitambaa, vyombo vya umeme na redio za kaseti vilianza kushuka bandarini kwa wingi usioonekana kwa miaka 20.

Kaseti ndogo ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na mwishoni mwa muongo huo mashine ya kuichezea ikawa imeingia ndani ya magari. Umuhimu wake wa kisiasa unatambulika duniani kote. Nchini Iran, kabla ya mapinduzi ya 1979, hotuba za Khomeini zilisambaa kwa kaseti zilizonakiliwa kutoka mkono hadi mkono huku redio ya dola ikitangaza mengine. Kwetu, kaseti ilimpa dereva kwa mara ya kwanza uwezo wa kutomtegemea mtangazaji. Ndani ya gari moja zilikaa pamoja taarabu ya Culture Musical Club, mawaidha ya sheikhe anayependwa na, baada ya vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, hotuba ya mkutano wa hadhara ambayo redio ya serikali isingeirusha. Waangalizi wa uchaguzi wa 1995 na wa 2000 waliandika waziwazi kwamba vyombo vya utangazaji vya serikali Zanzibar vilikipendelea chama tawala. Kaseti ilikuwa jibu la mtu asiye na kituo cha redio.

Kipimo cha milimita 180 kwa 50

Uhuru huo usingewezekana kama si uamuzi mmoja mkavu wa wahandisi. Wajerumani waliweka kipimo cha tundu la redio ya gari: upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Baadaye kikawa kipimo cha kimataifa. Wajapani wakazoea pia tundu la kimo maradufu, milimita 180 kwa 100. Maana ya uamuzi huo ni kwamba anayetengeneza gari na anayetengeneza redio hawalazimiki kujuana. Redio ya kampuni moja inaingia katika gari ya kampuni nyingine, na mnunuzi aliye Jang'ombe anaweza kuitupa ya kwanza na kutia ya pili bila kuomba ruhusa Toyota City wala Tokyo.

Katika somo la utawala tunazungumza sana juu ya katiba na sheria. Tunasahau kwamba vipimo vya wazi ni sheria pia, na aghalabu hutekelezwa vizuri kuliko zile za bungeni. Hata rangi za waya nyuma ya redio za kununua zinafuata desturi inayojulikana kwa fundi wa Unguja kama kwa fundi wa Nairobi au Muscat: njano kwa umeme wa kudumu unaohifadhi kumbukumbu, nyekundu kwa umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi kwa bodi, buluu kwa antena au kuamsha amplifaya. Kijana aliyeacha shule darasa la saba anaweza kuishi kwa kujua rangi hizo nne. Kipimo cha wazi kilimpa ajira, nacho kilimpa mwenye gari uamuzi.

Gari isiyosikia nchi yake

Tangu miaka ya 1990 magari mengi yanayoingia kwetu yametumika kwanza Japani. Sababu ni rahisi: wao huendesha upande wa kushoto kama sisi, na gari zao huuzwa zikiwa bado nzima. Lakini Japani ilijipangia masafa yake ya FM tofauti na sehemu kubwa ya dunia. Huko FM ilianzia megahezi 76 na kuishia 90, na katika muongo uliopita ikasogezwa hadi 95. Kwetu FM huanzia 87.5 hadi 108. Yanayokutana ni machache mno. Redio iliyokuja na Vitz ya mwaka 2001 inasikia kipande kidogo cha mwanzo wa mkanda wetu, na vituo vyote vilivyo juu ya 90 kwake ni kimya.

Wahenga walisema zumari likipigwa Unguja hucheza hata walioko Maziwa Makuu. Leo mtu anaweza kuketi Jang'ombe, ndani ya gari aliyoilipia ushuru, na asisikie zumari linalopigwa Raha Leo. Hakuna aliyelipanga jambo hili kwa nia mbaya. Lakini tulitazame pamoja na historia iliyotangulia. Mwaka 1954 chombo kisicho na masafa mafupi kilimfungia msikilizaji Cairo. Nusu karne baadaye, baada ya Sheria ya Tume ya Utangazaji Zanzibar ya mwaka 1997 na kuongezeka kwa vituo binafsi hapa na ng'ambo ya bahari Dar es Salaam, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya Japani kilimfungia msikilizaji sehemu kubwa ya wingi huo huo wa sauti uliopiganiwa.

Mafundi walitafuta dawa. Kuna kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, ambacho hupunguza kila masafa kwa kiwango kimoja. Kikiwa cha megahezi 14, kituo kilichoko 98.0 kitasikika redio ikisoma 84.0. Ni dawa ya bei nafuu na inayomfaa anayetaka kuihifadhi dashibodi ya asili. Kasoro zake ni mbili: namba inayosomeka si namba ya kituo, na kipande cha megahezi 14 hakiwezi kubeba mkanda wetu wote wenye upana wa zaidi ya megahezi 20, hivyo vituo vya mwisho vitabaki nje. Anayetaka mkanda mzima hana budi kubadilisha redio yenyewe. Na hapo aulize kabla ya kulipa, maana zipo redio za kununua zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinazouzwa pamoja na nyingine. Aiwashe mbele ya muuzaji, aizungushe mpaka ifike 107 na ushei.

Wapo wanaosema redio imepitwa na wakati kwa kuwa simu inacheza kila kitu. Kumbukumbu ya Unguja inawajibu. Waya wa umeme utokao Tanzania Bara uliharibika mwaka 2008, kisiwa kikakaa gizani takriban mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Katika giza la miezi mitatu, simu bila chaji ni kipande cha plastiki. Gari yenye redio nzima na betri yake ni kituo cha kupokea habari ambacho hakiutegemei waya huo hata kidogo.

Uamuzi wa mmoja, masikio ya ishirini

Hadi hapa nimemsifu mwenye gari anayechagua. Sasa tumfikirie abiria. Daladala za Unguja, hasa zile zenye bodi za mbao zilizochongwa na maseremala wetu juu ya chasisi za kigeni, hazikuja na mahali pa spika. Mahali hapo pamebuniwa hapa hapa: chini ya benchi, juu ya kichwa cha dereva, ndani ya sanduku lililopigiliwa misumari. Muziki ukawa silaha ya kugombania abiria, kama ilivyo kwa matatu za Nairobi ambako vijana huiacha gari ya kwanza wakasubiri yenye mdundo mzito zaidi. Taarabu ya kisasa iliyoitwa rusha roho, iliyovuma miaka ya 1990, ilijazia njia zetu vijembe ambavyo mama mtu mzima aliyekaa na mkwewe angependa visisikike. Na kinyume chake kipo pia: anayesikilizishwa mahubiri makali asiyoyachagua, akiwa amebanwa katikati ya benchi na mzigo magotini.

Mteja wa mkahawa wa 1928 aliweza kunyanyuka. Mwanafunzi anayewahi mtihani hawezi. Kwa hiyo uhuru wa kuchagua sauti, ukihamia katika chombo cha umma, hugeuka mamlaka juu ya wengine, na mamlaka yoyote yahitaji mipaka. Sioni haja ya kukimbilia marufuku. Ustaarabu wetu una desturi ambazo tayari zinafanya kazi: madereva wengi huipunguza au kuizima sauti wapitapo msikitini au penye msiba, na mwezi wa Ramadhani muziki huondoka wenyewe bila askari. Tunachohitaji ni kuiendeleza adabu hiyo ihusu pia kiasi cha sauti siku za kawaida. Fundi anaweza kusaidia zaidi ya askari: spika nne ndogo zilizosambazwa ndani ya gari kwa sauti ya chini humfikia kila mtu bila kumuumiza yeyote, ilhali sabufa moja kubwa nyuma humtesa aliye karibu nayo na bado aliye mbele haelewi neno.

Namna ya kuchagua

Historia hii inatupa mwongozo wa vitendo kwa mwenye gari kuukuu, na nauweka hapa kwa mpangilio.

Kwanza, lilinde tundu. Chagua redio inayoingia katika tundu la kipimo cha wazi, bila kukata dashibodi. Toyota nyingi za Kijapani zina upana wa milimita 200, hivyo hubaki pengo dogo pembeni linalozibwa kwa vipande vya plastiki vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Anayekata leo anamnyima uchaguzi atakayeinunua gari kesho.

Pili, usikubali waya za gari zikatwe. Magari ya Toyota yana plagi mbili zinazojulikana, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na vipo viunganishi vinavyopokea plagi hizo bila kisu. Viungo vya waya vilivyosokotwa na kufungwa utepe huliwa upesi na hewa yetu ya chumvi, na moto wa gari mara nyingi huanzia mahali pa namna hiyo. Fyuzi iwepo, na iwe ya kiwango kilichoandikwa kwenye redio.

Tatu, usidanganywe na wati. Sanduku likiandikwa wati 50 mara nne, piga hesabu. Umeme wa gari ikiwa inatembea ni volti 14.4. Kwa spika ya ohmu 4, redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni haiwezi kutoa zaidi ya wati 26 hivi kabla sauti haijaanza kupasuka. Zilizobaki ni maneno ya muuzaji. Fedha ya ziada iende kwenye spika, na kwa hali ya hewa yetu spika yenye koni ya plastiki itaishi muda mrefu kuliko ya karatasi.

Nne, hesabu milango ya kuingilia sauti. Redio iwe na FM kamili ya kwetu, masafa ya kati ikiwezekana, mahali pa flashi na Bluetooth. Kila mlango unaokosekana ni mtu fulani mbali na wewe aliyeamua usisikie kitu fulani.

Tano, fungia kwa fundi anayekueleza anachokifanya. Fundi asiyetaka uangalie ana sababu yake.

Tundu linazibwa

Mwongozo huu una muda wake, nao unakaribia kwisha. Magari yanayotengenezwa sasa hayana tundu. Yana skrini iliyounganishwa na kamera ya nyuma, kiyoyozi, taa na kompyuta ya injini, na kuiondoa ni kuipofusha gari. Nyingi zinazotoka Japani huja na lugha isiyobadilishika na ramani za barabara za Osaka. Mafundi wetu wanaanza kukutana na mashine zinazodai namba ya siri baada ya betri kuchomolewa. Katika muda wa miaka kumi hivi magari hayo ndiyo yatakuwa makuukuu yetu, maana gari ya Japani ya leo ndiyo gari ya Jang'ombe ya kesho.

Wengine wamekwisha kulipigania jambo hili. Katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wapiga kura waliidhinisha mwaka 2012, na wakarudia mwaka 2020, sheria za kumlazimisha mtengenezaji wa gari kumpa mwenye gari na fundi wake taarifa za ukarabati. Sisi hatuna nguvu ya soko la Massachusetts, lakini hatukosi vyombo. Masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Muungano, maudhui na Tume ya Utangazaji ya Zanzibar, viwango na taasisi yetu ya viwango. Hakuna kizuizi cha kikatiba kinachozuia vyombo hivi kukaa pamoja na kudai kwamba gari inayoingizwa kuuzwa hapa iweze kupokea mkanda wa FM wa hapa, au mnunuzi aelezwe kwa maandishi kuwa haiwezi. Hakuna kinachozuia chuo cha amali kufundisha ukarabati wa skrini hizi kama kilivyofundisha uchomeaji. Na hakuna kinachowazuia wanafunzi wa sheria wanaosoma makala haya kuiandika hoja hiyo vizuri kuliko nilivyoiandika mimi.

Wanaharakati wetu hudai, kwa haki kabisa, uhuru wa kusema. Uhuru wa kusikia hautajwi sana, pengine kwa sababu hauna shujaa wala mahabusu. Hupotea kimyakimya, kwa njia ya kipimo, plagi na namba ya siri. Mzee wa Ng'ambo aliyesogeza mshale wa redio yake usiku ili aipate Cairo aliulinda uhuru huo kwa vidole viwili. Gari ya mwaka 2001 iliyoegeshwa leo kando ya barabara ya Jang'ombe bado inamruhusu mwenyewe kufanya hivyo. Ile ya mwaka 2024 haitamruhusu, mpaka mtu fulani mwenye muhuri alazimishwe kulifikiria jambo hili.